Sura ya Saba: Chupa ya Bluu ya Kahambu

Inspekta Lamwaka aliiweka chupa mezani, akaizungusha mpaka kibandiko chake kikamtazama mtu aliyekiandika.

"Hii ni yako?"

"Iko yangu," alijibu Kahambu. "Juzi ulinionyesha, nikasema iko yangu. Jana ukanionyesha, nikasema iko yangu. Leo unataka niseme nini, afande? Kwamba usiku imekuwa ya mwingine?"

Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi ya Alhamisi. Kahambu alikamatwa Jumanne saa nane mchana, na sheria haimruhusu polisi kumshikilia mtu zaidi ya saa arobaini na nane bila kumfikisha mbele ya hakimu. Saa nane mchana wa leo gari lingemchukua. Kosa lilikwisha andikwa: kuuza sumu. Na kwa kuwa alikuwa mkimbizi kutoka Butembo, Kongo, asiye na wa kumdhamini, kutoka kwa hakimu angekwenda moja kwa moja Luzira, gereza la wanawake, kusubiri kesi ambayo ingeweza kula mwaka mzima. Aliyemkamata ni Lamwaka.

Jana jioni daktari alipiga simu. Rosalba, mke wa Sajini Obita, alikuwa amelazwa siku ya sita, uso umevimba, mikono inatetemeka, figo zinavuja. Katika mkojo wake imeonekana zebaki. "Tafuteni chanzo," daktari alisema. "Na hakikisheni ni chanzo chenyewe." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomkosesha Lamwaka usingizi. Sajini Obita alikuwa ameleta chupa moja tu kituoni, hii ya bluu, na kunyoosha kidole kwa mwanamke mmoja tu.

"Nieleze tena alivyonunua," Lamwaka alisema.

"Alikuja Kamwokya, kibandani kwangu. Akasema, mama, nataka dawa ya mikunjo. Nikamuuzishia hii. Peptidi ya shaba. Nikaandika tarehe hapa, ona. Wateja banasahau, halafu banakuja kupiga kelele kwamba nimewauzishia mafuta ya zamani."

Lamwaka aliitazama tarehe. Wiki tisa zilizopita.

"Ulimwambia atumie vipi?"

"Matone matatu asubuhi, matatu jioni. Chupa inaisha kwa miezi miwili."

Lamwaka aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa ameishika mara nyingi kwa siku mbili, ameifunga kwenye mfuko wa plastiki, ameiandikia namba, lakini hakuwahi kuitazama. Maji ya bluu yalifika karibu na shingo.

"Mbona imejaa?"

Kahambu alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Si njo hapo, afande. Ningeulizwa hiyo swali Jumanne, ningekuwa nyumbani napika. Mama Rosalba alirudi wiki ya pili. Akasema mafuta yako ni mvivu, binti yangu anakuja kuposwa mwezi ujao, nataka nionekane. Nikamwambia, ngozi haikaangwi kama chipsi. Akataka ya kung'arisha. Hiyo siuzishi. Ilimuharibu dada yangu mpaka jua likawa adui yake."

"Akaenda wapi?"

"Akanuna. Akaenda kwa bwana yake."

Lamwaka aliandika yote, akamsomea, Kahambu akatia sahihi. Mlangoni simu ya Lamwaka ililia. Alikuwa Mrakibu Ocira, mkuu wa kituo.

"Jalada la Mkongo liko tayari?"

"Bado jambo moja, afande. Naenda maabara."

"Maabara si walishaandika? Metali nzito ipo. Unataka waandike kwa wino wa dhahabu?" Akakata.

* * *

Mkemia wa maabara ya serikali alijulikana kwa jina moja tu, Abwola, mtu mrefu mwenye mafua yasiyoisha. Aliposikia hodi hakuinua kichwa.

"Inspekta, unatembea na vichupa siku hizi kama mganga. Umekuja kunitabiria?"

"Nimekuja kukuuliza ulichoandika." Lamwaka alimwekea ripoti ya Jumanne. "Hapa. Metali nzito: ipo. Metali gani?"

Abwola aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. "Fomu ina kisanduku kimoja tu. Ipo au haipo. Mliomba kipimo cha haraka, nikawapa kipimo cha haraka."

"Sikukuuliza kuhusu fomu. Nimekuuliza metali gani."

Mkemia alisikia kitu katika sauti yake, maana aliacha utani. Alichukua chupa, akanyonya maji kidogo kwa bomba, akadondosha kwenye kikombe kidogo na kukiweka chini ya mashine iliyofanana na mashine ya kukaushia nywele. Mashine ilivuma. Walisubiri. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasorobo, na Lamwaka alijikuta akihesabu matofali ya sakafu.

"Shaba," Abwola alisema. "Shaba kama nilivyotarajia. Zebaki hakuna. Hata chembe."

"Ulitarajia?"

"Rangi yenyewe inasema. Maji ya bluu namna hii, kwenye chupa ya namna hii, ni peptidi iliyofungwa na shaba. Unajua peptidi?"

"Nieleze kama unavyomweleza hakimu."

Abwola alipenga kamasi. "Ngozi yako inashikiliwa na proteini inaitwa kolajeni. Proteini ni kama mkufu mrefu wa shanga. Kila shanga ni asidi amino. Ukikata kipande kifupi, shanga tatu, nne, tano, hicho kipande ni peptidi. Sasa, kolajeni ikivunjika mwilini, vipande vyake huelea. Seli za ngozi zikivikuta zinaelewa kwamba kuna ukuta umebomoka mahali, zinaanza kujenga. Watu wa vipodozi wanapaka hivyo vipande makusudi. Ni kama kumpelekea fundi habari kwamba nyumba inavuja."

"Hata kama haivuji."

"Hata kama haivuji. Hii ya shaba ina shanga tatu tu, na imo kwenye damu yako wewe sasa hivi, ila hupungua kadiri umri unavyokwenda. Ndiyo maana wanaipenda."

"Na inafanya kazi?"

"Kidogo, na polepole. Ngozi iliumbwa kuzuia vitu, haikuumbwa kuvikaribisha. Nyingi zinabaki juu juu, ndiyo maana nyingine wanaziunganisha na mkia wa mafuta zipate kupenya. Subiri miezi mitatu, utaona mikunjo imelegea, kama una bahati na macho mazuri."

"Inamfanya mtu awe mweupe?"

"Hapana. Peptidi hii haigusi rangi."

Lamwaka alikumbuka uso wa Rosalba hospitalini. Chini ya uvimbe, mashavu yalikuwa meupe, ya rangi ya chai iliyozidishwa maziwa, na masikio yamebaki meusi. Alikuwa ameyaona. Aliyaandika hata. Hakuyauliza.

"Zebaki inafanya?"

"Zebaki inazima kiwanda cha rangi kwenye ngozi. Inafanya kazi upesi kuliko kitu chochote, halafu inaingia kwenye damu na kukaa kwenye figo. Tafuta kitu cheupe, kizito, ndani ya kopo. Kikikaa kwenye mwanga kinageuka kijivu. Na kama kopo lina maandishi, litasema vua pete kabla ya kupaka. Hawasemi kwa nini. Zebaki inakula dhahabu, Inspekta. Inaipaka weupe, na huo weupe hautoki kwa sabuni."

Lamwaka alikuwa amekwisha simama. "Niandikie hiyo. Shaba ipo, zebaki haipo. Kwenye karatasi isiyo na visanduku."

"Sasa hivi?"

"Kuna mtu anakwenda Luzira saa nane kwa sababu ya kisanduku chako."

Abwola aliandika, akapiga muhuri mara mbili.

* * *

Kambi ya polisi ilikuwa nyuma ya kituo, safu nne za nyumba za mabati, kila mlango na namba yake ya rangi nyeupe. Sajini Obita aliishi namba kumi na saba. Lamwaka alimkuta ameketi kwenye kreti la soda mlangoni, anakwaruza sufuria iliyoungua.

"Afande," alisema akitaka kusimama.

"Kaa, omera." Omera ni ndugu yangu, kwa Kiacholi. Wote wawili walitoka upande wa Kitgum, na huko mtu hamwiti mwenzake afande mbele ya sufuria iliyoungua. "Umeamkaje?"

"Nimeamka. Nimepika uji, umenishinda. Rosalba akirudi atanicheka mpaka Krismasi." Alicheka yeye, kisha akaacha. "Yule mwanamke anapelekwa leo?"

"Saa nane. Naomba maji ya kunywa."

Obita alimletea kikombe. Alipokinyoosha, Lamwaka aliona mkono wake wa kushoto. Pete ya ndoa ilikuwa ya dhahabu upande wa juu. Upande wa kiganja ilikuwa nyeupe, na weupe huo ulikuwa na madoa yaliyopanda kando kama ukungu ukutani. Lamwaka alikunywa maji yote kwanza.

"Pete yako imekuwaje?"

"Hii?" Obita aliitazama kwa kinyongo. "Sonara wa Nakivubo alinila pesa yangu. Miaka kumi na tisa ilikuwa dhahabu, sasa mwezi mmoja imekuwa bati. Nimesugua na majivu, nimesugua na dawa ya meno. Haitoki."

"Alikula miaka kumi na tisa iliyopita, pete ikakumbuka mwezi huu?"

Obita aliokota sufuria, akaendelea kukwaruza.

"Nani alikuwa anampaka Rosalba?"

"Kumpaka nini?"

"Omera."

Kambini redio ya mtu ilikuwa ikiimba. Obita aliiweka sufuria chini, akaipanga vizuri, kana kwamba mahali pa sufuria palikuwa na umuhimu.

"Shingoni kwa nyuma hafiki," alisema. "Bega linamuuma tangu alipojifungua wa mwisho. Kwa hiyo jioni ananiita. Nampaka mimi."

"Kwa mafuta ya bluu?"

"Ya bluu aliacha zamani."

"Kwa nini uliniletea ya bluu peke yake?"

"Kwa sababu nyingine ilikuwa ya kwangu." Aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyempa. Alirudi kutoka Kamwokya analia kwamba atasimama mbele ya wakwe na uso wa bibi. Nikasema nitakuletea. Nilitaka afurahi. Alifurahi, Lamwaka. Wiki moja tu, alikuwa anajitazama hata kwenye kifuniko cha sufuria."

"Liko wapi hilo kopo?"

Obita alitazama ndani ya nyumba. Lamwaka alitazama saa. Saa sita na dakika tano.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," alisema taratibu. "Daktari hajui Rosalba alipaka kwa wiki ngapi. Hajui kama watoto walikuwa wanalala kwenye mto huohuo. Wewe unajua."

Obita aliingia ndani. Alirudi na kopo dogo lililofungwa kwenye soksi ya sare. Lamwaka alivaa glavu, akalifungua, akalifunga upesi. Ndani mlikuwa na kitu cheupe, na pale kidole kilipokuwa kimechota, kijivu. Aliligeuza kitako juu. Kulikuwa na namba kwa kalamu nyekundu ya wino mzito: 31.

Aliujua mwandiko huo, maana ulikuwa wake.

Miezi mitatu iliyopita kituo kilifanya msako Nakivubo, pamoja na watu wa ushuru. Walikamata makopo arobaini ya mafuta ya kung'arisha ngozi. Lamwaka aliketi kwenye stoo ya vielelezo akayaandika namba moja moja.

"Ulitoa stoo," alisema.

"Siku lori lilipokuwa linakwenda kuchoma. Nilikuwa zamu ya kupakia." Obita alisema kwa haraka sasa, kama mtu anayetapika. "Tulikwenda na watu wa ushuru, nikajua tatizo ni ushuru. Kwamba hayakulipiwa. Naapa. Tunachoma sukari, tunachoma vitenge, vyote vizuri. Nikasema moja halitaua mtu. Ulipokuja kusema zebaki jana..."

"Ukanyamaza."

"Nina watoto wanne. Na mama yao ndiye yule hospitalini."

Lamwaka alimpigia daktari palepale, akimuuliza Obita na kurudia majibu yake: cheupe, zebaki bila shaka, wiki sita, uso na shingo, mara mbili kwa siku, watoto wanne wapimwe leo. Kisha akamwambia Obita avue pete aiweke kwenye bahasha, aandike maelezo yake kwa mkono wake, na asiguse mto wala shuka mpaka mtu wa afya aje.

"Nitafungwa?"

"Sijui, omera. Andika."

* * *

Mrakibu Ocira alisoma maelezo ya Obita akiwa amesimama, akasoma karatasi ya Abwola, kisha akavuta kiti na kuketi. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Nje dereva alikuwa amekwisha washa gari la mahakamani.

"Kopo," alisema.

Lamwaka alimwekea mfuko wa plastiki mezani. Ocira aliugeuza, akaona namba. Akafungua droo, akatoa daftari la vielelezo, akalipekua bila haraka. Alipofika alipotaka, aliligeuza daftari limtazame Lamwaka.

Makopo arobaini, namba moja mpaka arobaini. Yameteketezwa yote kwa moto mbele yangu. Chini, sahihi: Lamwaka.

"Ulikuwepo?" Ocira aliuliza.

Hakuwepo. Hakuna aliyekuwa akienda. Hati ya kuteketeza ilitiwa sahihi ofisini asubuhi, lori likiwa bado uani, kwa sababu jalala ni mbali na moshi wa plastiki unakaa kifuani siku tatu. Ndivyo alivyoikuta kazi. Ndivyo alivyoelekezwa na waliomtangulia, na mmoja wao alikuwa ameketi mbele yake.

"Hapana, afande."

"Mimi nakuuliza kama baba yako." Ocira alishusha sauti. "Obita ataandika maelezo mengine. Ataandika kwamba kopo alilinunua. Wino huu ni wino tu, spiriti kidogo na pamba, unatoka. Wewe ni kijana. Hii sahihi ni kazi yako, ni pensheni yako, labda ni kesi. Kwa ajili ya nani?"

"Bila namba, kopo lilitoka wapi?"

"Sokoni."

"Soko gani?"

Ocira alisukuma droo ikafunga.

"Hakimu atauliza, afande. Atauliza ni muuzaji gani, na muuzaji tuliye naye ni mmoja. Yuko mahabusu."

"Hilo litaamuliwa na mahakama."

"Akiwa Luzira."

Dereva alipiga honi nje, mara moja, kwa adabu. Lamwaka alisogea mezani. Akavuta karatasi. Aliandika akiwa wima, kwa herufi kubwa ili isije ikasemwa baadaye kwamba hazisomeki. Kwamba chupa ya bluu ya Kahambu ina shaba, haina zebaki. Kwamba kopo namba 31 ni kielelezo cha kituo hiki. Kwamba hati ya kuteketeza aliitia sahihi yeye, tarehe fulani, saa tatu asubuhi, ofisini, bila kuliona lori likiondoka wala moto ukiwashwa. Alitia sahihi. Ilifanana kabisa na ile ya kwenye daftari.

"Nakala moja ni ya mwendesha mashtaka," alisema. "Nitaipeleka mwenyewe."

Ocira alitazama karatasi ile kwa muda, kisha akatazama dirishani. "Mwambie dereva azime gari," alisema. "Anamaliza mafuta."

Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi Kahambu alipoletwa kaunta. Askari wa zamu alimrudishia mkanda, simu, kitambaa cha kichwa. Lamwaka alimweleza kwa kifupi, bila kupamba: hakuuza sumu, anaondoka bila mashtaka, na kosa lilikuwa la polisi. Aliomba radhi.

Kahambu alikuwa akijifunga kitambaa. "Mama Rosalba atapona?"

"Daktari anasema figo zinaweza kurudi. Hana uhakika."

"Na ile mafuta ilitoka wapi?"

Lamwaka alimwambia. Kwamba polisi waliikamata Nakivubo, makopo arobaini, na sajini mmoja akachukua kopo moja siku ya kupakia lori.

Kahambu alimaliza kufunga fundo. Alikuwa mfanyabiashara, na alimtazama Inspekta kama anavyotazamwa mteja anayedai amelipa.

"Siku hiyo bapakiaji balikuwa wangapi?"

"Wanane."

"Na banaishi wapi?"

"Hapa nyuma. Kambini."

"Wote bana bibi nyumbani, kama Mama Rosalba?"

Kahambu alichukua mkoba wake, akatoka bila kuaga, akakata kona kuelekea barabarani.

Lamwaka alimwomba askari wa zamu pakiti ya glavu na mifuko yote ya plastiki iliyokuwepo, akachukua daftari la vielelezo kwapani, akapitia mlango wa nyuma. Jua lilikuwa kali juu ya mabati. Wanawake walikuwa wakianika nguo, nyuso zao zikimeta. Alianzia nyumba namba moja, akabisha hodi.